Zamu ya Saa Tisa

Saa tisa usiku simu hulia mara moja,
naizima kabla haijaamsha wajukuu.
Natandika leso kati ya kitanda na mtungi wa gesi,
hapo magoti yangu yamepazoea.
Kisauni imelala nusu. Jenereta ya mtu inakohoa,
na Bi Mwanakombo, ukuta kwa ukuta,
ameanza kukanda unga wa mahamri.
Ananisikia. Namsikia.
Hatujawahi kuambizana lolote juu ya hilo.

Nalifungua daftari.
Nyevu, mimba ya miezi minane, miguu imevimba.
Mwakio, kesi Shanzu, hakimu hajatokea mara tatu.
Karisa yuko melini, miezi minne bila simu.
Paka wa Neema: mtoto aliomba, nikaandika,
na paka akarudi, Karisa bado.
Sijui Mungu hupangaje foleni yake.
Niliacha kumuuliza.
La, nadanganya. Namuuliza kila usiku.

Kijana wetu mhubiri, Ijumaa za kesha,
hushika maiki: choma! vunja! teketeza!
mpaka viti vya plastiki vitetemeke.
Sikatai. Nimechoma nami,
nimekanyaga nyoka wengi kwa viatu vya kanisani.
Lakini vita ninavyovijua havina spika.
Ni usingizi unaokuita kwa jina lako la utotoni.
Ni mbu. Ni goti la kushoto.
Ni kulitaja jina la mtu hadi uzito wake ukushukie mabegani
kama ndoo ya kisima:
unapandisha wewe, atakunywa mwingine.

Usipoziba ufa utajenga ukuta,
walisema waliotuzaa. Hawakusema
kuna nyufa hazikubali udongo wala saruji,
huzibwa kwa mtu. Mtu husimama pale penye ufa
na upepo unampiga yeye.

Kengeleni ipo kengele ya kale,
ilitundikwa ili waliovuliwa minyororo
wasikie mwenye minyororo akirudi.
Nikipita na kapu la mchicha huwaza:
aliyeshika kamba ile, alilala lini?

Mimi nililala.
Mwanangu Tsuma alianza na msokoto, akaingia unga,
akauza feni, akauza sufuria,
akauza viatu vya shule vya mwanawe.
Tulimzika Februari, jua likiwa utosini.
Jina lake sijalifuta daftarini.
Na aliyemuuzia nilimjua kwa la mtaani, Chui,
na kila usiku nilimwombea. Naam, nilimwombea:
Bwana, mkate. Bwana, mnyooshe barabarani.
Nikaviita vita vya kiroho.

Jana mama mmoja alibisha hodi.
Mwembamba, leso kaikaza kiunoni kama aliyetoka matangani.
Aliambiwa hapa yupo mwanamke anayeombea watu.
"Mwanangu yuko Shimo la Tewa, anatapika damu.
Wao wanamwita Chui.
Mimi nilimpa Jefwa, jina la babu yake."
Hakujua ameketi kwenye kitanda cha nani.
Au alijua. Macho yake hayakupanda kupita magoti yangu.
Nilimpa chai. Nusu ilimwagika mkononi mwangu,
nusu akaipokea kwa mikono miwili.

Sasa ni saa tisa na robo. Kalamu hii hapa.
Mapepo yote niliyowahi kuyakemea
yamekaa kimya, yanatazama.
Kumbe ufa wenyewe ulikuwa humu,
chini ya titi nililomnyonyeshea Tsuma,
na miaka yote nimekesha nikilinda mlango wa mbele.

Naandika J.
Nachelewa. Nanoa kalamu isiyohitaji kunolewa.
Mafuta ya Bi Mwanakombo yameanza kulia karaini,
muadhini anasafisha koo.
Naandika yaliyobaki.

Jefwa. Limekaa chini ya Tsuma, wino uleule.
Sijamwombea kitu.
Nimelitaja tu, mara moja, kwa sauti
iliyomfikia Mungu na jirani.
Amina bado.
Amina nitaitafuta kesho, zamu ikinikuta hai.